Dada wa ghala la chai, usikubali data ya barua pepe

Dada, simama hapo hapo. Umemaliza uzamili wa maadili ya biashara, ghala moja la chai pale Shimanzi limekupa kazi ya kuliandikia ripoti ya uendelevu, yaani ripoti ya jinsi biashara inavyogusa mazingira na watu, kwa shilingi 120,000, na meneja amekuahidi kwamba "data yote itakuja kwa barua pepe". Sasa unatuuliza usajili kampuni au utumie jina lako, utoze vipi wateja watakaofuata, ukope Sacco ulipie kozi ya cheti, na kama ni lazima uhamie Nairobi. Yote hayo yangoje. Kilichonichoma ni hiyo barua pepe.

Mwaka 2019 nilikuwa hapo ulipo. Nilikuwa nimekesha na Kant, mwanafalsafa wa maadili, nimekesha na Freeman na nadharia yake ya 1984 kwamba kampuni ina wajibu kwa wadau wote inaowagusa, na hoja ya mchumi Friedman ya 1970 kwamba kazi ya kampuni ni kuleta faida ningeweza kukujibu nikiwa usingizini. Nikalipa 95,000 kwa kozi ya siku 2 kwenye hoteli moja ya Nyali. Mkufunzi akatuambia, "Data ni kazi ya mteja, wewe unauza simulizi." Nikaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Daftari ninalo mpaka leo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kampuni inayogandisha samaki na pweza wa kupeleka Ulaya. Mhasibu akanitumia jedwali la Eksel: umeme, maji, na lita 20,000 za dizeli ya jenereta. Nikazidisha dizeli kwa kilo 2.68 za hewa ya ukaa kwa kila lita, nikapata tani 53.6, nikaandika hiyo ndiyo Skopu 1, yaani gesi zinazotoka moja kwa moja kwenye mitambo na magari ya kampuni yenyewe. Ripoti ilikuwa kurasa 40. Zaidi ya nusu yake ilikuwa haki, wajibu na wadau. Muda wote huo nilikaa ofisi ya juu yenye kiyoyozi, naletewa chai. Chumba cha mashine sikukikanyaga hata mara moja.

Mnunuzi wa Uholanzi akairudisha na swali la mstari mmoja: gesi ya friji iko wapi?

Hapo ndipo nikateremka chini. Fundi wa friji, mzee mmoja wa Mtongwe, alinipitisha nyuma ya kompresa mpaka ukutani. Palikuwa na mitungi 6 mitupu, ya rangi ya chungwa, lebo imeandikwa R-404A, aina ya gesi ya friji, kilo 10.9 kila mmoja. Akaniambia, "Hii yote nimejaza mwaka huu. Valvu ile inavuja, nimesema mpaka nimechoka." Akatoa daftari lake mfukoni, limelowa grisi, kila mtungi una tarehe. Nikamuuliza mbona mhasibu hakuniletea. Akasema huko juu gesi yake inaandikwa "matengenezo", kapu moja na rangi na misumari. Akaongeza, "Na wewe, mwalimu, leo ndiyo mara ya kwanza nakuona huku."

Fanya hesabu nami. Mitungi 6 ya kilo 10.9 ni kilo 65.4. Gesi hiyo ilijazwa kwa sababu nyingine kama hiyo ilikuwa imevuja. Kwa kipimo tulichokuwa tukitumia, kilo moja ya R-404A inapasha joto anga sawa na kilo 3,922 za hewa ya ukaa. Hiyo ni zaidi ya tani 256. Jumlisha dizeli, unapata tani 310. Mimi nilikuwa nimeandika 53.6 na kutia sahihi.

Mnunuzi hakuamini tena ukurasa wowote, hata ule wa mishahara ambao niliuhakiki mwenyewe kwa kuzungumza na wafanyakazi mmoja mmoja. Oda ikasimama miezi 4. Kampuni ikanidai malipo ya awali, 80,000, nikauza pikipiki nikalipa. Hilo limepita. Lisilopita ni kina mama wa Likoni waliokuwa wakisafisha pweza kwa kibarua, walioambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Niliandika kurasa nzima kuhusu haki zao, kisha nikawapotezea kibarua kwa uvivu wa kushuka ngazi.

Yule mkufunzi nina hasira naye mpaka leo. Aliwaambia watu 30 waliolipa pesa zao za jasho kwamba kuhesabu ni kazi ya mtu mwingine. Nina hakika hakuwahi kuingia chumba cha kompresa maishani mwake, kwa sababu anayeingia hawezi kusema maneno yale. Na bado anafundisha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: usiandike tarakimu ambayo hujaiona inakozaliwa. Umeme unazaliwa kwenye mita, dizeli kwenye tangi na kitabu cha stoo, gesi ya friji kwenye daftari la fundi. Eksel ya mhasibu inafuata pesa, na pesa haisemi mtungi ulikuwa na nini.

Kwa ghala la chai, kaulize foklifti zinatumia dizeli, gesi au betri. Kahesabu viyoyozi vya ofisi na vya chumba cha kuonjea chai, usome lebo ya gesi ya kila kimoja. Malori yanayoshusha magunia ni ya ghala au ya kukodi? Yakiwa yao, ni Skopu 1. Yakiwa ya kukodi, mara nyingi yanaangukia Skopu 3, yaani gesi za wengine wanaoihudumia kampuni au kutumia bidhaa zake, ambayo GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi hizi, imeigawa mafungu 15. Na kwenye umeme usinakili kizidisho (kilo za hewa ya ukaa kwa kila uniti ya umeme) cha Afrika Kusini ulichokikuta mtandaoni. Wao wanachoma makaa ya mawe. Sisi sehemu kubwa ya umeme wetu ni mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Ukikosea hapo utawatwisha wateja wako mzigo usio wao.

Usidhani nakuambia uitupe shahada yako. Unakumbuka mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa? Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda cha hapo kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Kilichomfungua macho ni kipimo cha damu ya mwanawe, kilichoonyesha ana sumu ya madini ya risasi (lead) mwilini. Damu za majirani nazo zikapimwa. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kabla ya vipimo watu walikuwa wakilalamika miaka na hakuna aliyewasikia. Maadili uliyosoma yanakuambia nani anaumizwa. Ukiwa na kipimo mkononi, aliyemuumiza hana pa kujificha.

Mkopo wa Sacco usichukue. Viwango vya GRI, vya kuandikia ripoti za uendelevu, na GHG Protocol unavipakua bure. Soma pia IFRS S1 na S2 za Juni 2023, viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu na tabianchi, maana ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, imepanga makampuni yenye maslahi ya umma yaanze kuzifuata kwa lazima Januari 2027, na wateja wataanza kuuliza. Tena meneja akikuomba "umalizie na ile ya NEMA", yaani ripoti ya ukaguzi ya mamlaka ya mazingira ya Kenya, kataa. Ukaguzi wa mazingira hutiwa sahihi na mtaalamu mwenye leseni ya NEMA, na wewe bado huna.

Jumatatu mpigie huyo meneja kabla hujapokea malipo ya awali. Mwambie unahitaji siku 3 ndani ya ghala, viatu vya usalama, na ruhusa ya kuzungumza na fundi wa umeme, fundi wa friji na mtu wa stoo. Akikataa, iache kazi hiyo. Akikubali, piga picha kila mita na kila lebo. Ukikwama kwenye yoyote ibandike hapa, nami nitaisoma pamoja nawe.