Aliyekabwa na Chakula Hapewi Maji: Majibu kwa Wasomaji

Mtu akikabwa na tonge la ugali tumpe maji kiasi gani? (Mafinga)

Hata funda moja asipewe. Njia ya hewa ikiziba kabisa, maji hayalisukumi tonge. Hubaki juu yake, na pumzi ikipatikana yanaingia mapafuni. Nimeshalijibu swali hili, na bado linarudi, safari hii likiwa na soda, safari nyingine mafuta ya kula. Tafadhali someni na muwasomee walioko nyumbani.

Kilabuni kwenye ulanzi mzee alikabwa na pande la nyama. Wengine walidhani amelewa, wengine wakampiga mgongoni akiwa amekaa wima. Tungefanyaje? (Iringa mjini)

Mngemuuliza, "Mzee, umekabwa?" Anayejibu kwa sauti au kukohoa kwa nguvu anahimizwa aendelee kukohoa, hapigwi wala habanwi. Aliyezibwa kabisa hana sauti, kikohozi chake hakisikiki, anashika koo na midomo inabadilika rangi. Hapo mmoja aanze kazi, mwingine akatafute gari.

Simama ubavuni mwake, mkono mmoja umtegemeze kifuani, muinamishe sana mbele. Kwa kitako cha kiganja mpige kwa nguvu katikati ya mabega mara 5, ukitazama kila pigo kama kitu kimetoka. Kumpiga akiwa wima ni hatari kwa sababu nyama ikilegea inateremka chini zaidi. Ikigoma, simama nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na chembe ya moyo, ishike kwa mkono wa pili, uvute ndani na juu mara 5. Mbinu hii ya tumbo ilitangazwa na daktari Mmarekani, Henry Heimlich, mwaka 1974. Endelea 5 kwa 5.

Akizimia, mlaze chali pagumu. Bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Angalia kinywani, toa kile tu unachokiona, mpulizie pumzi 2, urudie. Kuchokoa kwa kidole bila kuona ni kukipigilia kitu ndani.

Aliyevutwa tumbo aende hospitali hata akisema amepona, maana ini, wengu au mbavu huweza kuumia. Na wenye vilabu na mabanda ya kitimoto: pombe humfanya mtu ameze bila kutafuna vizuri. Kateni nyama ndogo ndogo.

Na mjamzito? (Tukuyu)

Tumbo lake lisiguswe. Mapigo ya mgongoni ni yale yale, kisha ngumi katikati ya mfupa wa kidari, ukivuta moja kwa moja nyuma. Hata mnene ambaye mikono yako haimzunguki, msaidie hivyo.

Mtoto wa miezi 8 alipaliwa na punje ya hindi, bibi akamning'iniza kwa miguu. Ni sawa? (Mwanjelwa, Mbeya)

Si sawa. Anaweza kuponyoka, na akiwa ananing'inia huwezi kumpiga pale panapotakiwa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako ulioegemea paja, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, taya ukiishika bila kubana koo. Mpige mgongoni mara 5. Mgeuze chali, bonyeza kidari chini kidogo ya mstari wa chuchu mara 5. Aliye chini ya mwaka 1 habanwi tumbo kamwe. Na hindi la kuchoma si chakula cha miezi 8, bibi atusamehe.

Mwanangu wa miaka 2 alipaliwa na karanga, akakohoa, akatulia. Sasa wiki ya pili anakohoa na kifua kinapiga filimbi. Ndugu wanasema ni kimio kikatwe. (Njombe)

Usimpeleke huko! Karanga iliyopita koo hukaa kwenye mrija wa pafu moja. Mtoto hutulia, wazazi wakadhani imetoka, kisha karanga huvimbisha mrija na kuleta nimonia isiyokubali dawa. Kumkata kimio kunamwongezea kuvuja damu, maambukizi na siku za kuchelewa, karanga ikiwa pale pale. Picha ya eksirei inaweza isiionyeshe, kwa hiyo usikubali jibu la "picha ni safi" bila kusema wazi: alipaliwa na karanga. Aombewe rufaa akachunguzwe kwa kamera ya njia ya hewa. Karanga nzima zisubiri mpaka apite miaka 4.

Mwiba wa samaki umekwama, nimeze tonge kubwa? (Kyela)

Hapana, tonge huuzamisha zaidi, nenda ukatolewe.

Mtoto wa miaka 3 amemeza betri bapa ya rimoti, anapumua vizuri. Tusubiri choo? (Tunduma)

Msisubiri hata saa moja. Ikikwama kwenye umio, yaani mrija wa chakula, huanza kuunguza ndani ya saa 2, mtoto akiwa bado anacheza. Msimtapishe. Aliyezidi mwaka 1 na anayemeza vizuri apewe asali, vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, lakini msichelewe kwa kutafuta asali. Mkifika semeni tangu mlangoni kwamba ni betri, asije akawekwa kwenye foleni ya waliomeza sarafu.