Kabla Askari Hajakusimamisha: Bima ya Gari na Kamera za Uingereza

Mmeniuliza, wapwa zangu mlioko Tanga na Dar es Salaam, kama ni kweli kwamba Uingereza kuna kamera zinazotambua gari lisilo na bima, na mmoja wenu akaongeza kwa utani kwamba hata huku Uingereza ninakoishi trafiki hakosi kuelewana na mtu. Ninawajibu kwa kirefu kwa sababu mmoja wenu anakuja kusoma mwezi wa Septemba na ameshaanza kuulizia gari langu.

Ni kweli, lakini si kwa namna mnavyoidhani. Kamera yenyewe haijui lolote kuhusu bima. Kazi yake ni kusoma namba: humulika gari kwa mwanga usioonekana kwa macho, pleti huurudisha mwanga huo, na programu huigeuza picha kuwa herufi na tarakimu. Ndiyo maana pleti za huku, nyeupe mbele na njano nyuma, hutengenezwa kwa kipimo kimoja na herufi za umbo moja, na anayezipangua ili zisomeke kama jina lake anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Mfumo huu, unaojulikana kwa kifupi kama ANPR, ulibuniwa mwaka 1976 na kitengo cha utafiti wa kisayansi cha polisi wa Uingereza, kwa hiyo si jambo la jana kama wengi wanavyodhani.

Anayejua habari za bima ni kanzidata. Kila kampuni ya bima ya magari inalazimika kuwasilisha namba ya gari ililolikatia bima, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, na taarifa hizo hukusanywa na MIB, taasisi ya pamoja ya kampuni za bima iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye makao yake Milton Keynes. Polisi hupata orodha ya magari ambayo hayaonekani kuwa na bima. Namba yako inapopita mbele ya kamera, iwe imefungwa darajani, kwenye nguzo au ndani ya gari la polisi, inalinganishwa na orodha hiyo pamoja na ile ya magari yaliyoibwa, na jibu huja ndani ya sekunde chache. Askari anaweza kuwa nyuma yako kwenye taa nyekundu, wewe ukijiona dereva safi kabisa, naye ameshaambiwa na kifaa chake.

Hapo ndipo ilipo tofauti na nyumbani, na ndilo jambo ninalotaka mlielewe. Kwetu trafiki hukusimamisha kwanza, kisha ndipo aiulizie bima. Hata TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, ilipoweka mfumo wa kuhakiki stika kwa mtandao, uhakiki huo bado huanza baada ya gari kusimama. Huku uhakiki hutangulia. Kioo cha mbele cha gari langu ni kitupu, kwa kuwa hata ile karatasi ya kodi ya barabara iliyokuwa ikibandikwa ilifutwa Oktoba 2014, na hakuna askari anayehitaji kuchungulia kioo. Gari linapoegeshwa pembeni, taarifa imeshaandikwa mahali ambapo wewe na askari hamuwezi kuifuta, hata kama angetaka kukuhurumia. Huko "kuelewana" hakuna pa kuanzia.

Adhabu yenyewe ni nzito. Kuendesha gari bila bima ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na kesi ikifika mahakamani faini haina kikomo na unaweza kufungiwa kuendesha. Kwa aliyefaulu mtihani wa udereva wa huku katika miaka miwili iliyopita, pointi 6 zinatosha kufuta leseni yote, na itambidi aanze upya kama mwanafunzi. Juu ya hayo, tangu mwaka 2005 polisi wana mamlaka ya kulichukua gari papo hapo. Bredauni huja, wewe unabaki kando ya barabara na mifuko yako ya sokoni, na ili ulitoe yadi lazima uonyeshe bima halali, ulipe gharama ya kuvutwa na ada ya kila siku linayolala huko. Usipolikomboa kwa muda uliowekwa, linauzwa au linasagwa kuwa chuma chakavu. Katika miaka ya karibuni magari yanayochukuliwa hivyo yamekuwa yakizidi laki moja kwa mwaka.

Wala usidhani kulificha gari nyumbani kunasaidia. Tangu mwaka 2011 orodha ya magari yaliyosajiliwa hulinganishwa na kanzidata ya bima bila kamera yoyote kuhusika. Mwenye gari lisilo na bima huandikiwa barua ya onyo, na akipuuza hutozwa pauni 100, isipokuwa kama ametoa tamko rasmi kwamba gari halitumiki barabarani.

Sasa nije kwenye lile linalotuponza zaidi sisi watu wa pwani, nalo ni kuazimana magari. Kwetu bima ni ya gari. Ukinipa ufunguo, nimeshaondoka. Huku bima kwa kawaida hutaja gari na watu walioruhusiwa kuliendesha. Kamera haioni uso wako wala haijui ni nani aliye nyuma ya usukani, kwa hiyo mgeni anaweza kuendesha gari la mjomba wake mwezi mzima, kamera zote zikaona namba yenye bima na zikanyamaza. Kisha taa moja ya nyuma inaungua, askari anamsimamisha, anauliza jina, na inabainika kwamba jina hilo halimo. Mgeni ana kosa la kuendesha bila bima, na mjomba ana kosa la kuruhusu gari lake litumike bila bima, lenye adhabu ileile. Nimeona undugu ukiingia ufa kwa jambo hili, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyepaswa kujua.

Wanaopeleka vyakula majumbani wako katika hatari inayofanana na hiyo. Bima ya matembezi ya kawaida haihusu kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Kwenye kanzidata gari lina bima, kamera haina neno, lakini askari akiona mkoba wa chakula kwenye kiti cha nyuma ana swali la kuuliza.

Na kwa nini watu huendesha bila bima, ilhali wanajua haya yote? Kwa sababu ya bei, na hili watu wa huku hawawaambii wanapopiga picha wameegemea magari. Kijana mgeni, hata kama ameendesha Dar es Salaam kwa miaka kumi bila ajali, kampuni nyingi haziutambui uzoefu huo, na si ajabu akatajiwa bima ya mwaka inayozidi thamani ya gari lenyewe. Hapo ndipo wanapojitokeza matapeli wanaouza bima za bei poa kupitia simu, wakijitambulisha kama mawakala na wakati mwingine wakizungumza lugha yetu. Unapewa cheti kizuri chenye nembo. Cheti hicho hakimo kwenye kanzidata, au kilikatwa kwa anwani ya uongo na kufutwa wiki ya pili, na anayeendesha ndiye anayeshtakiwa, kwa kuwa kutojua si utetezi. Wengine hulipa kwa mwezi, benki ikakosa fedha, barua ya kusitishwa bima ikaenda kwenye anwani waliyokwisha kuhama.

Sitaki pia mje mkiogopa kila nguzo. Kamera za maegesho ya maduka makubwa husoma namba ili kudai ada ya maegesho, hazikagui bima. Mfumo wa polisi nao una kasoro zake: wapo wezi wanaonakili namba ya gari la mtu mwema, naye akajikuta anajieleza kwa safari asizozifanya, na ukinunua bima leo inaweza kuchukua siku kadhaa kuonekana, kwa hiyo weka cheti kwenye simu. Askari makini hupigia simu kampuni za bima kabla ya kuita bredauni. Kuhusu polisi kuhifadhi kumbukumbu za safari za watu wasio na kosa kwa muda wa hadi miezi 12, mimi binafsi sijaridhika nako, ingawa majirani zangu wengi hawalioni kuwa jambo la kujadili.

Basi kwa wewe unayekuja: leseni yako ya Tanzania inakuruhusu kuendesha huku kwa miezi 12, baada ya hapo ni mtihani. Gari langu hutaligusa wiki ya kwanza. Zipo bima za saa chache au za siku moja, na baadhi ya kampuni huwakubali wenye leseni za nje, kwa hiyo nitumie picha ya leseni yako pande zote mbili kabla hujapanda ndege, nianze kuulizia bei.