Entrée: ya kuanzia au mlo wenyewe?

Mkuu, umeuliza kwa nini kamusi yako ya Kifaransa inasema entrée ni chakula cha kuanzia, ilhali menyu ya Marekani imeweka steki chini ya neno hilohilo. Kamusi haijakosea, na menyu nayo iko sawa. Paris ukiagiza entrée unaletewa cha kuanzia: saladi, supu, au mayai ya kuchemsha yenye mayonezi. Mlo wenyewe huitwa plat. Australia ni hivyohivyo. Wamarekani, wanaouita mlo wenyewe entrée, ndio wanaovuruga watu, ila hawakuzua tu: kwenye karamu za zamani za Ufaransa, entrée ilikuwa sahani nzito ya nyama, ikija baada ya supu na kabla ya nyama ya kuchoma. Ukisoma kwa Kiingereza kwamba fulani ana entrée kwa wakubwa, hapo usitafute sahani. Maana yake milango yao iko wazi kwake.