Muulize Mwalimu: Mpangaji Asiyevua Soksi

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni keateka wa ploti ya vyumba 24 hapa Umoja. Huu ni mwezi wa pili tuna mpangaji mpya, dada mrembo, Kiswahili chake cha Mombasa. Hutoka jioni akarudi alfajiri. Kodi alilipa tarehe 1 bila kukumbushwa. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuona miguu yake. Hata akianika nguo kule juu, yuko na soksi. Wamama wa ploti wanasema ni jini, ana kwato. Mmoja ameniambia nimwage maji mlangoni pake ili alazimike kuvua. Wengine wanataka nimfukuze. Mimi ni mtu wa kanisa, siamini sana mambo haya, lakini usiku nikisikia hatua zake kwenye ngazi natega sikio. Hadithi hizi zina ukweli?*
— Keateka asiyelala, Umoja

Marahaba, mwanangu. Maji usimwage. Sakafu za ploti zetu nazijua, atakayeteleza ni wewe na ndoo yako.

Hilo la kwato nimelisikia tangu nije mjini. Dereva anampa msichana lifti usiku huko Mombasa, wanapiga gumzo vizuri, kisha macho yake yanashuka chini anakuta kwato za punda. Msimulizi huwa ameisikia kwa shemeji yake, na shemeji huyo simu yake haipatikani. Lakini itazame hadithi yenyewe ilivyoshonwa. Jini ameweza kujipa uso, sauti, nywele, manukato na gauni. Miguu ndiyo imshinde?

Nyanya yangu kule Murang'a alikuwa na irimu wake, zimwi la hadithi za Wagikuyu, na mambo ni yale yale. Irimu anakuja ngomani akiwa kijana mtanashati kuliko wote, wasichana wanamgombania, mmoja anamfuata hadi kwake msituni. Huko nywele za kisogoni zinasogea, na chini yake kuna mdomo wa pili, unakamata nzi. Wajapani nao wana mbweha anayejigeuza mwanamke, mkia ukamponyoka chini ya vazi. Kila mahali mjanja huyu husahau kitu kimoja, na anayemsahaulisha ni msimulizi. Bila kwato hakuna hadithi; kuna msichana tu aliyepewa lifti akashuka kwao.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa irimu. Nilipoanza kufundisha, shule moja ya msingi huku Eastlands, sikuwa navua kofia yangu ya sufi, jua liwake, mvua inyeshe. Utotoni niliungua kwa uji kisogoni, na nywele hazikuota tena pale. Sikuona haja ya kumweleza mtu. Muhula haujafika katikati, darasa la nne walikuwa wameshakata shauri. Siku moja saa ya chai, nasahihisha madaftari, nikahisi kitu kinagusa kofia kwa nyuma, polepole. Kugeuka, naona kasichana kameshika kipande cha mandazi.

"Unafanya nini?"

"Ule wa nyuma haujala."

Nikavua kofia, nikainama. Alilichungulia lile kovu, akaligusa kwa kidole, kisha akawageukia wenzake waliojificha mlangoni: "Leo umefunga." Mandazi akayala mwenyewe.

Watu wazima huwa hawaji na mandazi. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, yule anayesemwa hugeuka maumbo, ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja. Familia zililala nje, zimekusanyika karibu na moto, kwa kuogopa kukutwa ndani. Katika hofu hiyo kundi la watu lilimuua mtu kule mjini Zanzibar wakidhani ndiye. Alikuwa mgonjwa wa akili kutoka bara. Popobawa hakupatikana. Kwa hiyo wamama wakianza kukutanika ngazini kwa sauti za chini, wewe ndiye mwenye funguo za geti, usijifanye hujasikia.

Uwasimulie pia ya Simbi Nyaima, kama kati yao kuna mtu wa Kendu Bay atakusaidia. Bikizee mchafu alifika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe, wakamfukuza kama mbwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Bikizee akamwambia atoke na watu wake usiku ule ule, na nyuma yao mvua ikakizamisha kijiji kizima. Ziwa lipo hadi leo, la maji ya magadi, na heroe hutua pale. Yule naye alikuwa amejificha ndani ya sura isiyo yake, ila hakuna aliyehesabu vidole vyake vya miguu. Ukiniuliza hadithi ipi inaifaa ploti yako, nachagua ya ziwa.

Sasa kama ni lazima umwogope irimu, nikupe wa kumwogopa. Muhunzi alikwenda mbali kufua vyuma, akamwacha mkewe mjamzito. Irimu akaja akamzalisha yule mama, akakaa kama mkunga. Akipika, anamwekea mama chakula mbele yake: "Haya, kula. Naona hutaki. Basi nitakula mimi." Kila siku hivyo, mama anazidi kukonda, mpaka alipompa njiwa mbegu za mbarika ili aende kumwimbia muhunzi arudi haraka. Irimu huyu hakujisumbua na sura. Alichukua kazi ya mtu wa kuaminiwa, basi. Wewe keateka unawajua wa namna hiyo: anakuja na bahasha ya kaki, anaonyesha watu chumba kisicho chake, anapokea diposi, kesho simu imezimwa. Na viatu vyake huwa vimepigwa rangi, miguu yote anakuonyesha.

Dada wa watu anaonekana ana kazi ya usiku. Mjini wapo tele: wauguzi, walinzi, waoka mikate. Mbishie hodi saa kumi jioni, akishaamka, umweleze siku za maji na mahali pa kutupa taka, maana nina hakika hakuna aliyemwambia. Soksi usiziulize. Kofia yangu niliivaa miaka 11 na kila aliyeniuliza nilimdanganya. Katika barua yako yote, kilichonishtua ni ile kodi ya tarehe 1.

*Mwalimu, kwenye insha niliandika "zimwi lilikuja" rafiki yangu akasema ni "zimwi alikuja". Nani yuko sawa? Kwenye hadithi yangu zimwi linajigeuza mvulana.*
— Mwanafunzi wa Gredi ya 6, Buruburu

Nyote wawili. Wazee walisema "zimwi likujualo halikuli likakwisha", kwa LI. Sarufi ya darasani humweka kiumbe kwenye A-WA, kwa hiyo kwenye mtihani mfuate mwalimu wako. (Jina lenyewe ni la ukoo mmoja na mzimu, na irimu wa Wagikuyu, na izimu wa Wazulu.) Lakini kwa insha yako mimi ningefanya hivi: mvulana alibisha hodi, mvulana akakaribishwa, akapewa kigoda, akanywa uji wake taratibu; halafu upepo ukavuma, na zimwi likafumbua mdomo.