Anko, bunduki haitawasaidia hapo Kiamunyi

Anko, voisi noti yako nimeisikiliza mara tatu. Poleni sana kwa yaliyowapata, kuamshwa saa nane usiku na watu wameshika panga, wakabeba tivii, mtungi wa gesi na hata ile simu ndogo ya shosho, tushukuru Mungu hawakumguza mtu. Halafu ukaniuliza, na binamu zangu nawasikia hapo nyuma wakikuunga mkono, eti si ni kweli huko Marekani kila mtu ana bunduki na ndio maana mwizi hawezi karibia boma ya mtu, na serikali yetu ikiruhusu kila mwenye nyumba anunue yake bila hiyo mambo ya kuzungushwa na bodi ya leseni basi wezi wataisha Nakuru. Mimi nimekaa hapa Texas miaka tisa, karibu na Dallas, wacha niwaambie vile naona.

Bunduki ziko, hiyo ni ukweli. Kuna hesabu ilitolewa 2018 ikasema ziko milioni 393 mikononi mwa raia Marekani, yaani zinashinda watu wenyewe. Hapa Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 kwenda juu, bora sheria haijamkataza kuwa na silaha, anabeba bastola kiunoni bila leseni yoyote. Unaingia duka kununua viatu vya mvua unapata bunduki zimepangwa pale karibu na ndoano za samaki. Sasa kama bunduki ndio inafukuza wezi, si hapa tungelala milango wazi?

Juzi nimetoka shifti ya usiku pale natunza wazee, nafika kwa pakingi ya apatimenti saa moja asubuhi naona vioo vimemwagika chini, magari matatu yamevunjwa. Jirani yangu amesimama hapo na nguo za kulala, ameshika kichwa. Laptopu yake imeenda lakini hiyo hata hakuitaja. Alikuwa analilia bastola, alikuwa ameiacha kwa dashibodi. Sasa hiyo bastola iko wapi saa hii anko? Iko na mwizi. Na hiyo ni kitu ya kila siku hapa, kuna bunduki za wahalifu zinaanza kwa mtu mzuri ameinunua ajilinde, inaibiwa. Hao wenu walikuja na panga kwa sababu ndio wanayo. Siku watasikia mzee wa hiyo boma ana bunduki kabatini, watarudi kuitafuta hiyo bunduki yenyewe. Si mnajua hata askari wameuawa hapo kwetu sababu tu ya ile bunduki wamebeba?

Lakini kitu ilinibadilisha mimi ni hodi. Sisi tumelelewa unafika kwa mtu unaita hodi, unaingia, unaketi, chai inakuja. Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa napeleka oda za chakula usiku, na watu wetu walionitangulia walinifunza kitu kimoja, usisimame karibu na mlango. Weka chakula chini, bonyeza kengele, rudi nyuma mpaka pale taa inakumulika mwili mzima, mikono ionekane. Usiku mmoja nilikosea namba ya nyumba, nikasikia sauti ya mwanaume ndani inaniuliza wewe ni nani, halafu kile chuma kikalia kwa kukokiwa. Nilitoa sauti nikasema ni chakula mzee, ni chakula, na nikatembea kinyumenyume mpaka kwa gari. Huyo mtu hakuwa mbaya. Alikuwa ameogopa, vile tu wewe uliogopa juzi. Aprili 2023 huko Kansas City kijana wa miaka 16 alienda kuchukua wadogo zake akakosea barabara, akabonyeza kengele ya nyumba ingine, mzee wa miaka 84 akampiga risasi ya kichwa kupitia mlango. Mungu ni mwema alipona. Siku mbili baadaye huko jimbo la New York msichana wa miaka 20 akauawa kwa sababu gari alikuwa ndani imeingia boma ambayo siyo. Sasa fikiria Kiamunyi, vile watoto wa jirani huingia kwako wakifuata mpira.

Wasomi hapa wamebishana hii maneno miaka mingi. Mwaka 1998 mwanauchumi John Lott aliandika kwamba watu wakibeba bunduki uhalifu unashuka, wengi wakashangilia. Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti likakaa likachambua, 2004 likasema ushahidi hautoshi kuonyesha hivyo. Baadaye John Donohue wa Stanford na wenzake wakapata zile sheria za kuruhusu watu kubeba bunduki zinakuja na uhalifu mwingi zaidi wa kutumia nguvu. Ni kweli pia kuanzia miaka ya tisini uhalifu hapa ulishuka sana na bunduki zikizidi kununuliwa, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba hesabu ni rahisi. Lakini mimi huangalia kitu moja. London, ile ya Uingereza si hii yetu ya Nakuru, wezi wako tele na simu zinanyakuliwa mchana, lakini England na Wales wanaouawa ni kama mtu 1 kwa kila laki moja kwa mwaka. Marekani 2021 walikuwa karibu 7. Wezi wako pande zote mbili, tofauti ni kama ugomvi unaishia hospitali ama makaburini.

Na si lazima mvuke bahari ndio mjue. Pandeni matatu mpaka Marigat mwulize watu wa Baringo. Kule watu walijihami wenyewe kitambo, ng'ombe ziliacha kuibiwa? Wizi wa mishale na mikuki uligeuka mauaji ya AK-47, shule zikafungwa, mpaka Februari 2023 serikali ikapeleka jeshi.

Ingine sikutaka kuisema lakini nitasema. 2021 bunduki iliua watu 48,830 hapa Marekani, na zaidi ya 26,000 ni watu walijiua wenyewe. Mmama tunafanya naye kazi alimpoteza kijana wake wa miaka 19 hivyo, na bastola ya babake, ile ya kulinda nyumba. Unakumbuka binamu yetu ule mwaka alifutwa kazi, vile mlimkimbiza hospitali ya PGH usiku? Mlipata muda wa kumfikisha. Leo ana watoto wawili.

Ijumaa nikilipwa nitatuma ya geti na taa mbili za sola, moja iangalie nyuma ya jikoni. Na mwulize wale majirani watano kama watakubali tuchange tuweke mlinzi na king'ora, mimi natoa ya miezi mitatu ya kwanza.