Mapenzi yasiyotamkwa kwenye tamthilia

Dada yangu wa Moshi, umeuliza kama yule daktari na muuguzi wa tamthilia yako wanapendana au ni macho yako tu. Rudia tukio moja ukiwa umezima sauti, hasa kama imeingizwa sauti za Kiswahili, maana mtetemo wa sauti ya mwigizaji hupotea hapo. Angalia kamera inabaki kwa nani: mhariri akiuacha uso wa anayesikiliza sekunde mbili tatu zaidi, ana sababu. Je, mmoja humtazama mwenzake pale tu huyo mwenzake anapogeukia kando?

Muziki usikuhadae, huwekwa hata penye urafiki. Mimi naamini zaidi dalili inayojirudia vipindi kadhaa, mfano kukumbuka kwamba mwenzake hanywi chai yenye sukari. Waigizaji wenyewe usiwazushie uhusiano.