Breki ya kaboni haitaki kuguswaguswa

SWALI: Assalamu alaikum, Fundi. Mimi ni dereva wa gari la abiria la njia namba 505, na kila siku nashusha abiria Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume. Tangu nikiwa utingo nimefundishwa kugusa breki kidogo kidogo ili pedi zidumu. Juzi mpwa wangu, anayesomea ufundi wa ndege, kaniambia kwamba mtindo huo ndio unaomaliza breki za ndege kubwa. Je, ni kweli?
Dereva, Kiembesamaki

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Mpwa wako kasema kweli, ila kauli yake inahusu breki ambazo diski zake ni za kaboni. Nawe umefundishwa vyema, kwa kuwa diski za gari lako ni za chuma.

Chuma huliwa na joto. Kadiri unavyokandamiza kwa nguvu na kwa muda mrefu, ndivyo diski zinavyopata moto na kulika. Ndiyo maana rubani wa ndege yenye breki za chuma, kama zile ndogo za Cessna Caravan ziendazo Pemba, hugusa, akaachia, kisha akagusa tena.

Kaboni, ambayo ndege ya Concorde ilianza nayo safari za abiria mwaka 1976, huliwa zaidi na idadi ya miguso kuliko ukali wake. Rubani akitoka njia ya kurukia hadi maegeshoni huku akigusagusa, hata kwa wepesi, humaliza kaboni nyingi kuliko anayeiacha ndege ichanganye mwendo kidogo, akakandamiza mara moja kwa uthabiti, kisha akaachia kabisa. Kaboni ni ghali, lakini kwenye Boeing 737-800 huokoa zaidi ya kilo 200 za uzito, na hiyo si faida ndogo.

Ukibahatika kusimama karibu na gurudumu la ndege, tazama kijiti cha chuma kilichochomoza kwenye breki. Diski zinavyopungua unene, nacho huzama. Sisi mafundi wa ndege hukipima breki ikiwa imekazwa, kwa sababu ikiachiwa kipimo hudanganya. Kikifika usawa wa bati lake, breki hutolewa.

Hayo yote ni ya mwendo wa kawaida. Njia ikiwa imebaki fupi, rubani hukandamiza kadiri anavyohitaji, ziwe za chuma au za kaboni, na diski tutazibadilisha kesho yake.